Kidole Chini ya Pazia

9 Januari

Mkia wangu,

Salaam aleikum, wewe na wote waliomo chini ya dari lako. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu kwa pumzi na kwa bati, ambalo mwaka huu halivuji ila pale pale panapojulikana. Nimepawekea ndoo, tunasalimiana nayo kila mvua.

Habari za nyumbani ndizo hizi. Mwanangu aliyeolewa mwaka juzi ana mimba ya miezi mitano. Ananipigia simu kuniuliza kama ni kawaida kuchukia harufu ya mume. Nimemwambia ni kawaida, na hata ikiendelea baada ya kujifungua bado ni kawaida. Jirani yetu Mzee Kofia kateleza bafuni. Hakuvunjika kitu ila heshima. Mimi niko kwenye cherehani tangu Desemba, sare za shule, sketi za buluu mpaka nikifumba macho naona buluu.

Najua utasema, Dada, si tuliongea Ijumaa kwenye simu? Tuliongea. Kwenye simu unaniambia "safi" mara saba, nami nakata nikiwa sijui lolote. Ulipokuwa bweni uliniandikia kila mwezi, na barua zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Kwa hiyo niandikie, na usiniletee mambo ya kuchapa kwa mashine. Nataka mwandiko wako, nikuone umeamkaje.

Sasa habari za kazi. Watu wananiuliza, "Mdogo wako anafanya kazi wapi siku hizi?" Nasema, nyumbani. Wanatazamana. Juzi mteja mmoja kanipa pole. Ikabidi nimweleze kwamba unaandikia kompyuta maagizo, nayo inatii.

"Kwa hiyo yeye anashinda ndani na mkewe ndiye anayetoka?"

"Ndiyo."

"Mungu atamfungulia," akasema, akachukua sketi yake akaenda.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka Baba. Katika ukoo huu kazi ya nyumbani hukuianza wewe. Unaikumbuka meza yake pale sebuleni, na pazia la kijani, na saa za watu zinagonga kila moja kwa wakati wake, saa sita ikichukua robo saa nzima kufika? Alivaa tai kwenda hatua sita kutoka kitandani mpaka mezani. Pazia likishuka, hata paka alitembea kwa adabu.

Mambo mawili ya mwisho. Lile gauni nililomshonea mwanao Chiriku lilimtosha? Na ufunguo wa saa ya ukutani ya Baba, uko kwako? Saa yenyewe haijatembea tangu wiki aliyofariki, lakini napenda ufunguo wake ulale karibu nayo.

Dada yako.


2 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Najua umeshakasirika na umeshanisamehe, kwa hiyo tuendelee.

Sote hatujambo. Wifi yako anafundisha madarasa matatu na anarudi hana sauti, basi nyumba inapumua. Chiriku katimiza miaka kumi na miwili.

Uliuliza kazi. Chumba changu ni kile kilichokuwa stoo. Kina meza, viti viwili, kioo kikubwa cha kompyuta, na dirisha linalotazama kamba ya nguo za jirani. Saa tatu asubuhi tunakutana wafanyakazi wote, kila mtu kwenye kisanduku chake kiooni, kama picha za vitambulisho. Juu navaa shati la kola, chini kaptura iliyotoboka. Nilipofika kwenye tai ya Baba katika barua yako nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kampuni inasafirisha vifurushi. Mimi naandika programu inayoamua kifurushi gani kipande gari gani. Mwezi uliopita niliruka alama moja, kitu kidogo kama chawa, na vifurushi mia mbili vikaenda mji usio wao. Kuna bibi harusi aliyefungua boksi la shela akakuta tairi. Bosi alicheka, kisha hakucheka.

Siku hizi nafanya kazi mlango umefungwa, na hapo ndipo ninapomwelewa Baba, ingawa sijamsamehe kabisa. Nilikuwa na miaka sita, Mama tumeshamzika. Wewe ulikuwa umeshaikataa shule, kutwa uko kwa fundi unajifunza cherehani, ndivyo alivyoniambia Baba. Basi nilikaa sakafuni peke yangu, nimeshika upindo wa lile pazia, nasikiliza bisibisi. Siku moja kidole kikatokea chini ya kitambaa, kina mafuta ya saa. Nikakishika mpaka nikasinzia. Hakusema neno. Baba hakuwa mtu wa kukumbatia, unamjua. Lakini kile kidole, Dada, kikinijia asubuhi nafanya kazi vizuri siku nzima.

Chiriku akitoka shule anakaa nami chumbani. Ananisaidiasaidia. Anapenda.

Mdogo wako,
Mkia.


20 Februari

Mkia wangu,

Namwomba Mungu barua hii ikukute na afya. Huku salama. Mzee Kofia anatembelea mpini wa fagio na anatupiga nao tukimcheka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka na lile tairi la bibi harusi. Ya pili nilifika kwenye kidole cha Baba nikaiweka chini, nikaenda kutawadha na wala haukuwa wakati wa swala. Ya tatu sikuisoma, niliitazama tu.

Mistari yako inapanda mlima. Ikifika ukingoni haisimami. Neno "vifurushi" nusu yake imebaki kwenye meza yako huko. Na yale maswali yangu mawili ya mwisho, niliyoyabana kule chini pembeni karatasi ilipokwisha, hukuyagusa. Mvivu huruka popote, mwenye hasira hujibu kwa mkato. Wewe umejibu kila kitu kilichoandikwa katikati.

Nakuuliza kama mtu aliyekuogesha. Unagonga bega kwenye milango? Ukiweka kikombe, unakiweka mezani au hewani? Na huyo mtoto anakusaidia nini hasa?

Nenda kwa daktari wa macho, mdogo wangu. Baba naye alianza hivi hivi. Zaidi ya hapo kalamu yangu haina ruhusa.

Dada yako.


15 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Macho ni uchovu wa kioo tu. Kila mtu wa kazi hii anao. Nimekuza herufi, mambo yanakwenda. Na usimwingize Baba. Baba alitengeneza saa za watu mpaka mwaka aliokufa, na mazikoni waliusifu mkono wake. Angekuwa na macho mabovu angewezaje?

Tafadhali usimwambie wifi yako. Ana mengi. Na kazini wakisikia, kuna vijana hamsini mlangoni wanaongoja kiti changu.

Chiriku ananisomea tu. Ananionyesha mstari umeanzia wapi, ananiambia mabano yamefungwa au yako wazi. Ana jicho, kanikamatia makosa mawili ambayo yangenifukuzisha. Ni siri yetu yeye na mimi, na anaitunza vizuri, siku hizi hata haongei ongei ovyo kama zamani. Mwalimu wake analalamika kidogo kuhusu kazi za nyumbani. Atafidia.

Gauni nitamuuliza. Ufunguo sijauona.

Mkia.


22 Machi

Mdogo wangu,

Salaam aleikum. Leo sina habari za jirani wala za bati. Kaa kitini, na kama kuna mtu anakusomea barua hii, mwambie atoke. Vuta karatasi karibu, tumia lenzi, soma mwenyewe pole pole.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, Baba aliniwekea mkono juu ya msahafu, nikaapa kwamba jambo fulani halitatoka kinywani mwangu. Alipofariki mwezi uliofuata, nililiona kama amana. Nimeibeba miaka thelathini. Barua yako ilipofika nilikwenda kwa shehe wetu. Sikumwambia jambo lenyewe, nilimwambia tu kwamba kiapo changu sasa kinamdhuru mtu aliye hai. Akaniambia, "Mama, kiapo si komeo la kufungia heri. Fanya lililo bora, kisha utoe kafara." Kafara yenyewe ni kulisha maskini kumi au kuwavika. Mimi ni fundi wa nguo. Nimeanza kukata vitambaa.

Baba hakuona, Mkia.

Ilimwanzia pembeni, mwaka ule ule wa Mama. Akidondosha skrubu haioni tena, ingawa imelala kando ya kidole chake. Aliniambia ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na kila mwezi tundu linapungua. Hakwenda hospitali. Aliogopa watu watasema fundi wa saa kipofu, nani atamletea saa? Akanunua kitambaa cha kijani akatundika pazia, akaniambia, "Mwanangu, leo usiende shule, nishikie kibano kidogo." Nilikuwa darasa la sita. Ile leo haikuisha.

Zile saa nilizitengeneza mimi. Mwanzo alinielekeza kwa kunong'ona, mkono wake juu ya wangu. Mwaka wa pili hakuhitaji kunong'ona. Mteja akija, Baba anajibu kutoka ndani kwa sauti ya kazi, "Iache hapo mezani, njoo Alhamisi." Mimi nazuia pumzi. Alhamisi mteja anaweka saa sikioni anasema, "Mkono wa mzee haujazeeka." Baba anakohoa. Nilikuwa nawaona wenzangu wa darasa kwenye upenyo wa pazia wakipita na vitabu, sketi za buluu. Ndizo hizi ninazoshona.

Tai nilimfunga mimi. Hatua alizihesabu: sita mpaka mezani, kumi na moja mpaka mlangoni. Ulipokuja likizo kutoka bweni, alinishika bega kwenda msikitini, nawe ukasema Baba siku hizi anampenda Dada. Cherehani nilijifunza baada ya maziko. Nani angempa msichana saa yake?

Sasa naomba radhi, maana kuna kitu nakunyang'anya. Nilijaribu kuandika barua hii bila hiki, nikaona nitakuwa nimekupa ukweli nusu.

Kile kidole kilikuwa changu. Nilikusikia unavuta kamasi pale nje, na Baba alikuwa amenikataza kusema. Nikashuka chini ya meza. Mkono wa kulia uliendelea kushika saa ya mwalimu mkuu, wa kushoto nikakupa wewe. Ulikuwa na mkono mdogo na wenye joto. Mguu uliniingia ganzi, mkono sikuutoa mpaka uliposinzia.

Sikuandiki haya ili unionee huruma. Baba alinipenda, na alikuwa na hofu, na hofu ikashinda. Sina kinyongo naye, kila alfajiri namwombea. Ila umeandika kwamba Chiriku anatunza siri na haongei tena, ukaandika kama sifa. Mtoto tuliyemwita Chiriku kwa sababu hata akilala mdomo unacheza. Najua ukimya ule umetengenezwa na nini, niliuishi miaka tisa.

Mtoe mtoto chumbani. Fungua mlango, mwambie mke wako leo hii. Uende hospitali tundu lingali na mwanga. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa njiani.

Dada yako.


30 Aprili

Mkia wangu,

Salaam aleikum. Wiki ya sita hii. Simu yako inaita mpaka inachoka. Sikumpigia wifi yangu, kwa sababu nataka mlango ufunguliwe na aliyeufunga.

Nguo zimefika nne. Mwanangu kajifungua wa kike. Anafanana na Baba kwenye kidevu.

Nakuombea.


18 Mei

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa wifi yako. Anaandika ninayosema, na amenionya kwamba nikisema uongo atausahihisha kwa wino mwekundu kama anavyowafanyia wanafunzi wake.

Sikukujibu kwanza kwa sababu nilikasirika, kisha kwa sababu ya hospitali. Siku tatu nilikukasirikia wewe, wiki moja Baba. Siku iliyofuata Chiriku alitoka shule akaja moja kwa moja chumbani, akafunga mlango, akavuta kile kiti cha pili. Hakusalimia. Akaweka kidole chake kwenye kioo kunionyesha mstari. Nikakitazama, Dada. Nilikiona chote, maana alikiweka katikati. Nikamwambia, "Inuka, twende tukamngoje mama yako barazani." Akauliza, "Nimekosea?" Nikazima kioo, nikamfungulia mlango.

Mama yake alipofika tulimwambia wote wawili. (Alilia. Mimi nilifoka kwanza, ndipo nikalia. Wifi yako.)

Daktari anasema ni presha ya macho, inarithiwa kwa damu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni, na wiki mbili zilizopita walinipasua jicho la kushoto, ndiyo maana siandiki mwenyewe. Ningengoja mwaka mmoja zaidi, alisema, tungekuwa tunaongea mengine. Na amesisitiza ndugu wote wa damu wapimwe. Usinijibu barua hii kabla hujaenda.

Kazini niliwaambia kwenye mkutano wa saa tatu, nimevaa shati na suruali nzima. Mwenzetu mmoja, ambaye kisanduku chake huwa cheusi siku zote, tukidhani ni mvivu wa kunyoa, akasema, "Mimi sioni tangu miaka minne. Nafanya kazi kwa masikio." Kumbe ana programu inayomsomea kila mstari. Bosi alikuwa hajui. Hatujui atatuamulia nini sote wawili. Kasema tumpe mwezi, na mwezi huo anaturuhusu kuendelea. Mwenzangu ananifundisha. Sauti ile inasoma kama mtu mwenye mkojo, lakini naanza kuishika. Mabano inayataja yenyewe. Mlango uko wazi, inasikika mpaka jikoni, na Chiriku anaiigiza kwenye chakula mpaka mama yake anamfukuza. Anaongea, Dada. Anatuchosha.

Gauni lilimtosha. Ufunguo yeye ndiye aliyeukuta, chini kabisa ya sanduku langu la vyeti, umefungwa kwenye leso. Tumeutia humu ndani ya bahasha.

Kuhusu kidole. Hukuninyang'anya kitu. Miaka yote hiyo nilidhani nilimshika mkono mtu aliyekuwa na nafasi ya kunishika. Kumbe uliutoa katikati ya kazi. Vyeti vyangu vyote, vilivyolipiwa na zile saa, vina jina moja, na sasa najua palipungua lako.

Mdogo wako.


2 Juni

Mkia wangu, na wifi yangu mwenye wino mwekundu,

Salaam aleikum, na Mungu awape nyote macho na subira. Hapa wazima. Mjukuu ananyonya, mama yake kaanza kuivumilia harufu ya mume.

Nimekwenda hospitali kama ulivyoniamuru. Daktari msichana mdogo kanitazama na taa yake, akaniambia, "Mama, macho haya ni ya msichana. Ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia cherehani. Nilipofika getini nikajiona mwongo. Nikataka kurudi, ila foleni ilikuwa ndefu.

Nguo za kafara zimekwisha, zote kumi, nimewavika watoto kumi maskini na sikubakiza deni kwa Mungu. Ya mwisho nilitaka kuishona kwa lile pazia la kijani, lakini kafara haitolewi kitambaa kilichochakaa. Pazia nimelishusha. Nimelikata matambara.

Kisha nikaiteremsha saa ya Baba. Ulidhani ilikufa kwa huzuni, watu wote walisema hivyo mazikoni. Ilikuwa na uchafu tu na jino moja la gurudumu limepinda. Nililijua tangu wiki ile ile. Ningeitengeneza, wangeuliza nani kaitengeneza, mwenye mkono kafa. Basi nikaiacha ilale miaka thelathini juu ya kichwa changu.

Nimekaa nayo siku mbili, dirisha wazi, mezani kwa Baba. Kibano kilikuwa na kutu kidogo. Vidole vilikosea skrubu asubuhi ya kwanza, mchana vikakumbuka njia. Jana baada ya alasiri niliutia ufunguo wako nikaizungusha. Ikagonga saa kumi, ilihali ni saa kumi na nusu, lakini kugonga iligonga.

Mzee Kofia akaja na mpini wake wa fagio, kasimama pale lilipokuwa pazia. Aliwahi kuwa mteja wetu, yule.

"Naisikia saa ya marehemu," akasema. "Umempata fundi?"

"Nimempata."

"Nani huyo? Nina yangu imelala kabatini tangu baba yako afariki. Sijamwamini mwingine."

Nikajifuta mafuta mkononi kwa kipande cha pazia, nikamwambia, "Mimi. Na ile yako, mara ya mwisho pia nilikuwa mimi. Kailete, uje Alhamisi."

Dada yako,
fundi wa saa.